Inanaswa au inapita? Maswali yenu kuhusu sayari huru na vibete kahawia

Barua nyingi za safari hii zinahusu magimba yasiyo na nyota mama: sayari huru, yaani zile zinazosafiri angani bila kuzunguka nyota yoyote, na vibete kahawia, ambavyo ni vizito kuliko sayari lakini vyepesi mno kuwa nyota. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha. Tungamo tunalipima kwa Mshtarii (Mshtarii mmoja ni sawa na Dunia 318) na umbali kwa vizio vya astronomia. Kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua, takriban kilomita milioni 150.

Swali: Nasoma kila mahali kwamba kibete kahawia huanzia Mshtarii 13. Kwa nini 13, na si 10 au 20? Na gimba la Mshtarii 8 linaloelea peke yake tuliite nini?

Namba hiyo inatokana na deuteri, ile hidrojeni nzito. Gimba likifikia takriban Mshtarii 13, kiini chake hupata joto na mgandamizo wa kutosha kuunguza deuteri kinyuklia. Karibu na 65 huunguza lithi pia. Likifika kati ya 75 na 80 huwasha hidrojeni ya kawaida na hapo limekuwa nyota kamili. Vibete kahawia ni vyote vilivyo katikati. Deuteri ni kidogo sana, hivyo moto wake huzimika mapema, na baada ya hapo gimba hupoa tu, mamilioni kwa mabilioni ya miaka. Ndiyo sababu huwezi kutaja joto la kibete kahawia bila kutaja umri wake.

Ila mpaka huu unaeleza kinachoungua ndani. Jinsi gimba lilivyozaliwa haugusi. Wingu la gesi linaweza kujikunja na kuzaa kitu chepesi kuliko Mshtarii 13 bila nyota yoyote kuhusika. Mfano mzuri ni Cha 1107-7626, lililo umbali wa miaka ya nuru karibu 620, lenye Mshtarii 5 hadi 10. Mwaka 2025 wanaastronomia wanaotumia darubini ya VLT kule Chile waliliona likimeza gesi na vumbi kwa kasi ya tani bilioni 6 hivi kila sekunde, mara nane ya kiwango cha miezi michache kabla. Hiyo ni tabia ya nyota changa. Kwa hiyo sayari huru zipo za aina mbili: zilizozaliwa peke yake kama nyota, na zilizofukuzwa kwao. Tungamo pekee halitakuambia ipi ni ipi.

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, katika maelekezo yake ya mwaka 2018, uliongeza sharti: ili kitu kiitwe sayari, tungamo lake liwe chini ya 1/25 ya tungamo la gimba ambalo kitu hicho kinalizunguka. Chukua 2M1207b, iliyopigwa picha mwaka 2004: ina Mshtarii 5 hivi na inazunguka kibete kahawia chenye 25 hivi, yaani uwiano wa 1/5. Kwa sharti hilo haifuzu, ingawa vitabu vimeiita sayari kwa miaka mingi. Lile gimba lako la Mshtarii 8 liite sayari huru, na ukitaka tahadhari zaidi, gimba lenye tungamo la kisayari.

Swali: Sayari huru ikipita karibu kabisa na kibete kahawia, si lazima inaswe? Mvutano upo, na sayari ni nyepesi.

Hapana, na hili ndilo tunalotamani lieleweke kuliko yote katika ukurasa huu. Miili miwili peke yake hainasani. Sayari inayotoka mbali inakuja na nishati yake. Mvutano unaiongezea kasi inapokaribia na kuinyang'anya kasi ileile inapoondoka. Ni kama gololi iliyobingirishwa kwenye bakuli lisilo na msuguano: inashuka, inapita chini, inapanda ukingo wa pili na kutoka. Ukaribu unabadilisha mwelekeo wa safari, lakini kasi ya mwisho inabaki ile ya mwanzo. Kunasa kunahitaji mtu wa tatu wa kuondoka na nishati inayozidi.

Mtu huyo wa tatu anaweza kuwa sayari nyingine iliyokuwa tayari inazunguka kibete. Tuseme kibete kina Mshtarii 40 na sayari yake, ya Mshtarii 1, iko umbali wa kizio 1. Sayari hiyo inazunguka kwa kilomita 5.8 hivi kwa sekunde. Akija mgeni wa Mshtarii 1, kuna kasi ya mpaka: karibu kilomita 5.9 kwa sekunde, ikipimwa mgeni akiwa bado mbali sana, kabla mvutano haujamshika. Chini ya hapo, jumla ya nishati ya watatu ni hasi, maana yake haiwezekani wote watatu watawanyike. Mgeni anaweza kupita tu. Anaweza kuingia na kucheza na wenzake mizunguko mingi ya vurugu hadi mmoja arushwe nje. Na mara nyingine anayerushwa ni mwenyeji. Juu ya mpaka huo, nafasi ya kunaswa inaporomoka, na tukio kali linaweza hata kuwaachanisha wote.

Mpaka huo hushuka kadiri sayari ya mwenyeji inavyokuwa mbali: kwa vizio 5 ni kilomita 2.6 kwa sekunde, kwa vizio 100 haifiki hata 0.6. Sasa linganisha na hali halisi. Ndani ya fungunyota changa, yaani kundi la nyota zilizozaliwa pamoja, magimba yanapishana kwa kilomita 1 au 2 kwa sekunde. Katika ujirani wa Jua ni makumi ya kilomita. Kwa hiyo karibu kila unasaji unaofikirika ulitokea utotoni, kabla fungunyota halijatawanyika.

Njia nyingine ni sahani ya gesi inayokizunguka kibete katika miaka milioni michache ya kwanza: mgeni anayepita ndani yake anapoteza nishati kwa msuguano. Ipo pia njia ya kutawanyika kwa fungunyota lenyewe. Gesi inapopeperushwa na magimba yanapoachana, wawili waliokuwa wakisafiri sambamba polepole hujikuta wamefungamana, kwa sababu wale wengine wengi wameshabeba nishati. Hagai Perets na Thijs Kouwenhoven walilikokotoa hili mwaka 2012: iwapo sayari huru ni nyingi sawa na nyota, kati ya asilimia 3 na 6 ya nyota zinaweza kupata sayari ya kunasa, nyingi zikiwa kwenye mizingo ya mamia hadi maelfu ya vizio, iliyorefuka na kuinama kila upande. Kadiri gimba linavyokuwa jepesi ndivyo linavyonasa kwa shida, kwa hiyo vibete kahawia viko nyuma ya nyota katika hili. Njia ya mvutano kuinyumbua miili yenyewe, kama Mwezi unavyoinua bahari, ipo pia, ila inadai wapishane kwa nusukipenyo chache tu, na hapo hatari ya kugongana iko jirani.

Swali: Nimeandika programu ya kuigiza mpishano. Kibete cha Mshtarii 40, sayari huru inaanza umbali wa vizio 60 kwa kilomita 1 kwa sekunde. Inanaswa kila mara, hata nikiwa na miili miwili tu! Mnasema haiwezekani. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye mstari wa kwanza. Kwa kibete cha Mshtarii 40, kasi ya kuponyoka, yaani ile ya chini kabisa ya kuondoka bila kurudi, ukiwa umbali wa vizio 60 ni kilomita 1.07 hivi kwa sekunde. Wewe umeanzisha kwa 1.0. Sayari yako haikunaswa. Uliizaa ikiwa tayari imefungwa, kwenye mzingo mrefu wa zaidi ya vizio 200 ambao duru moja huchukua zaidi ya miaka 15,000. Kwa kasi hiyo, popote utakapoanzia ndani ya vizio 68 hivi utapata unasaji wa bandia.

Ulichokusudia ni kasi ya mbali ya kilomita 1, yaani kasi iliyonayo sayari kabla mvutano haujaanza kuivuta. Ukianzia jirani, lazima uongeze kile ambacho mvutano ungekuwa umeshaipa: kipeo cha pili cha kasi ya mbali, jumlisha kipeo cha pili cha kasi ya kuponyoka ya pale ulipo, kisha chukua kipeuo. Kwa vizio 60 unapata karibu 1.5. Kwa vizio 200 ni 1.16, na huko ndiko tunakopendekeza uanzie, kwa sababu mvutano wa sayari mwenyeji nao haujawa na maana.

Tungejenga jaribio hivi. Tumia vizio vya astronomia, miaka na tungamo la Jua. Hapo kigezo cha mvutano G ni 39.478, na kilomita 1 kwa sekunde ni vizio 0.211 kwa mwaka. Kibete kiwe 0.0382, sayari mwenyeji 0.000955 kwenye kizio 1, ambapo duru moja ni karibu miaka 5. Mahali sayari hiyo ilipo kwenye duru pabahatishwe upya kila mara. Usipofanya hivyo, mgeni atakutana nayo kona ileile na takwimu zako zote zitakuwa za kona moja.

Mgeni naye usimwelekeze kibete moja kwa moja. Chagua umbali wa shabaha: ni kwa kiasi gani angekikosa kibete kama mvutano usingekuwepo. Hapa wengi hukosea kwa kuchagua namba sawasawa kutoka sifuri hadi kikomo. Anayekuja kutoka mbali anapita kwenye uso wa duara, si kwenye mstari, kwa hiyo kinachopaswa kusambaa sawasawa ni kipeo cha pili cha umbali huo. Ukikosea hapo, mipishano ya karibu itakuwa mingi kupita kiasi na kiwango chako cha unasaji kitapaa. Kikomo kipi? Kwa kasi ya mbali ya kilomita 1, mvutano hukusanya: mwenye shabaha ya vizio 8.3 huishia kupita kizio 1 kutoka kwa kibete, na wa vizio 14.6 hupita kwenye 3. Chukua 15. Mwinamo wa njia usambazwe kwa kosini ya pembe, si kwa pembe yenyewe.

Programu huria ya REBOUND inatosha kwa kazi hii. Tumia kikokotozi chake cha IAS15, ambacho hujipunguzia hatua chenyewe miili inapokaribiana. Usitumie WHFast: kimetengenezwa kwa mifumo tulivu na hatua yake haibadiliki. Ukiweka hatua ya mwaka 0.05 ni siku 18, ilhali mgeni anayekatiza kilomita milioni 1.5 kutoka kwa sayari mwenyeji, kwa kilomita 8 kwa sekunde, anaumaliza umbali huo kwa siku mbili hivi. Programu itaruka tukio zima na haitakuambia.

Kila gimba lipe nusukipenyo cha kizio 0.00047, ambacho ni kilomita 70,000. Vibete kahawia na sayari kubwa za gesi hukaribiana sana kwa ukubwa. Simamisha mwigo mmoja wao akifika vizio 300 akiwa na nishati chanya mbele ya waliobaki, yaani hawezi kurudi, au miaka milioni ikipita. Linganisha jumla ya nishati mwanzo na mwisho; ikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja katika milioni, na hakuna waliogongana, tupa mwigo huo. Rusha mara 10,000 angalau. Ukipata unasaji 25, kosa la kitakwimu ni 5 hivi, kwa hiyo usiandike asilimia 0.25 kana kwamba ni neno la mwisho.

Kisha ondoa sayari mwenyeji na urushe tena zote. Idadi ya unasaji iwe sifuri kamili. Ikiwa hata mmoja utabaki, bado kuna kosa kwenye programu.

Jambo moja linasahaulika. Mgeni aliyekaa miaka elfu akizunguka hajanaswa bado; huenda yuko kwenye ile vurugu tuliyoitaja na ataondoka kesho. Hesabu kama unasaji pale tu ambapo mmoja wa watatu ameshaondoka kabisa.

Swali: Kwa uhalisia mipishano hii hutokea mara ngapi?

Inategemea unaita nini mpishano. Chukua fungunyota lenye magimba 1,000 kwa kila parsek ya ujazo (parsek ni miaka ya nuru 3.26), kasi ya kilomita 1, na kibete chetu cha Mshtarii 40. Katika miaka milioni 10, nafasi ya mgeni kupita ndani ya vizio 100 ni kama asilimia 1.3. Kupita ndani ya kizio 1 ni kibete kimoja kati ya 20,000.

Nje ya fungunyota, tukiweka gimba 0.1 kwa parsek ya ujazo na kasi ya kilomita 40, miaka bilioni 10 inatoa asilimia 3 kwa vizio 100, na kibete kimoja kati ya 300,000 kwa kizio 1. Asilimia 3 inaonekana kubwa kuliko ile ya kwanza, lakini usidanganyike: kwa kasi hiyo mgeni anapita kama risasi, anasukuma kidogo na kwenda zake. Kiasi cha sayari huru zenyewe bado kinabishaniwa. Makadirio ya timu ya Takahiro Sumi ya mwaka 2023 yalikuwa karibu 20 kwa kila nyota, nyingi zikiwa ndogo. Ukiyakubali, zidisha namba zetu ipasavyo.

Swali: Sayari ikikaribia mno kibete kahawia, itapasuka?

Ndiyo, na kibete kahawia ni hatari kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Kina Mshtarii 40 ndani ya nusukipenyo kinachokaribia kile cha Mshtarii mmoja, hivyo msongamano wake ni zaidi ya gramu 50 kwa sentimita ya ujazo. Kikomo cha Roche, umbali ambao mvutano huichana sayari isiyo na ugumu wa kujishikilia, ni karibu kilomita 600,000 kwa sayari ya gesi kama Mshtarii. Kwa sayari ya mawe kama Dunia ni kama kilomita 370,000, pungufu kidogo ya umbali wa Mwezi kutoka kwetu.

Ila sayari inayopita mara moja kwa kasi haikai ndani ya kikomo hicho muda mrefu, hivyo mara nyingi huponea chupuchupu: inapoteza hewa ya juu, inavurugika, inatoka ikiwa imepata joto. Miezi yake ndiyo huathirika kwanza. Mwezi hubaki salama ukiwa ndani kabisa ya eneo la Hill la sayari yake, yaani eneo ambamo mvutano wa sayari ndio unaotawala, na eneo hilo husinyaa sayari inapokaribia kitu kizito. Sayari ya Mshtarii 1 ikiwa kizio 1 kutoka kwa kibete chetu, eneo la Hill ni kilomita milioni 30. Ikishuka hadi kizio 0.1 linabaki milioni 3. Kalisto, mwezi wa Mshtarii ulio kilomita milioni 1.9 kutoka kwake, ungekuwa ukingoni hapo.

Swali: Nimesikia kuna sayari inayozunguka vibete kahawia viwili kwa kupita juu ya ncha zao. Hilo si ushahidi kwamba ni mgeni aliyenaswa?

Unaizungumzia 2M1510, umbali wa miaka ya nuru 120 hivi. Vibete viwili vinazungukana kwa karibu siku 21, na vinapatwa kimoja na kingine vikitazamwa kutoka hapa. Jozi za namna hiyo ni adimu mno. Mwaka 2025 timu iliyotumia VLT ilitangaza dalili za sayari yenye mzingo ulio wima, nyuzi 90, juu ya mzingo wa jozi. Sayari yenyewe haijaonekana. Kilichoonekana ni kwamba mzingo wa jozi, wenye umbo la yai, unageuka polepole kinyumenyume. Sayari iliyolala kwenye bapa moja na jozi ingeusukuma mbele. Wa kuurudisha nyuma kwa namna hiyo ni sayari inayopita juu ya ncha.

Kuhusu unasaji, tungekuwa waangalifu. Kuzunguka juu ya ncha si ajabu ya kimekanika. Jozi ikiwa na mzingo wa yai, mkao wima ni mojawapo ya mikao miwili tulivu, na sahani ya gesi iliyoinama vya kutosha hujipeleka yenyewe hadi hapo. Sayari ingeweza kuzaliwa humohumo. Mgeni aliyenaswa tungemtarajia awe mbali, kwenye mzingo uliorefuka sana. Mwinamo peke yake ni ushahidi dhaifu. Mwinamo pamoja na umbali mkubwa na mzingo mrefu ungeanza kushawishi.

Swali: Zile jozi za sayari huru za Orion zipo kweli?

Mwaka 2023 Samuel Pearson na Mark McCaughrean, wakitumia darubini ya James Webb, walitangaza magimba 540 yanayoweza kuwa na tungamo la kisayari katika Nebula ya Orion, na takriban 40 kati yake yakiwa jozi, zilizoachana kwa vizio 25 hadi 390. Kevin Luhman alipopitia data mwaka 2024 alihitimisha kwamba nyingi zina rangi za nyota za mbali zilizo nyuma ya nebula, zilizowekundishwa na vumbi. Maoni yetu: jozi za kisayari zipo, kwa sababu 2MASS J1119−1137, yenye magimba mawili ya Mshtarii 4 hivi kila moja, ilithibitishwa mwaka 2017. Wingi wake kule Orion ndio wa kuusubiri.

Jambo hili linagusa unasaji moja kwa moja. Jozi inapompitia kibete au nyota, mmoja wa jozi anaweza kuondoka na nishati na mwenzake akabaki. Mtu wa tatu anakuja na mgeni. Ndivyo Craig Agnor na Douglas Hamilton walivyoeleza mwaka 2006 jinsi Neptuni ilivyompata Tritoni, mwezi wake unaozunguka kinyume. Ila jozi pana haifai sana: magimba mawili ya Mshtarii 4 yaliyoachana kwa vizio 100 yanazungukana kwa mita 260 hivi tu kwa sekunde, na hicho ndicho kiasi kidogo cha kasi wanachoweza kugawana. Jozi ya vizio 4 inafika kilomita 1.3, na hapo mlango unafunguka ndani ya fungunyota.

Swali: Sayari huru haitoi mwanga. Mnajuaje ipo, na mnajuaje haina nyota?

Zilizo changa zinang'aa kwa joto la kuzaliwa na darubini za infraredi huziona. Zilizozeeka hupatikana kwa lenzi ya mvutano: sayari inapopita mbele ya nyota ya mbali, mvutano wake hukusanya mwanga na nyota hiyo huonekana kung'aa zaidi kwa muda. Muda hufuata kipeuo cha tungamo. Lenzi ya nyota hudumu kama siku 20, ya Mshtarii siku moja au mbili, ya Dunia saa chache. Tukio fupi linalojulikana sana ni OGLE-2016-BLG-1928, lililotangazwa mwaka 2020, ambalo kipimo chake cha muda ni dakika 41.5.

Tatizo ni kwamba tukio halirudii. Ukipima mara moja kwa usiku, la saa chache litakupita. Ndiyo maana vituo vya mabara tofauti hupokezana. Mlipuko kwenye nyota nao unaweza kukuhadaa. Tazama umbo na rangi: mlipuko hupanda ghafla na kushuka taratibu na hubadilisha rangi, ilhali lenzi hupanda na kushuka kwa ulinganifu na kuongeza rangi zote kwa kiwango kimoja. Mwaka 2011 ilidhaniwa kuna karibu sayari mbili huru za ukubwa wa Mshtarii kwa kila nyota. Przemek Mróz na wenzake walipopata data nyingi zaidi mwaka 2017, wakaishusha hadi chini ya robo.

Kukosekana kwa nyota ni kugumu kuthibitisha, kwa kuwa sayari iliyo vizio 10 au zaidi kutoka kwa nyota yake hutoa lenzi inayofanana kabisa na ya sayari huru. Unasubiri miaka kadhaa hadi lenzi na nyota ya nyuma ziachane, kisha unapiga picha kali kwa darubini kubwa na kutafuta mwanga wa ziada mahali lenzi ilipo. Pasipo na kitu, nyota mama imekosekana, au ni kibete kahawia kilichopoa mno kuonekana. Picha hiyo haiwezi kutofautisha hayo mawili.

Swali: Kuna kibete kahawia kilichowahi kutupitia karibu?

Kipo. Nyota ya Scholz ni jozi ya kibete chekundu (nyota ndogo hafifu) na kibete kahawia, na ilipita karibu mwaka mmoja wa nuru kutoka kwa Jua, miaka 70,000 hadi 80,000 iliyopita. Kwa tungamo lake, lisilofika hata moja ya tano ya Jua, na kasi ya zaidi ya kilomita 80 kwa sekunde, ililisukuma Jua kwa sentimita 6 hivi kwa sekunde. Sayari zilisukumwa karibu sawasawa na Jua, kwa hiyo mizingo yao haikubadilika kwa namna inayopimika. Walioguswa ni vimondo vya mkia vya ukingo wa nje wa wingu la Oort, lile kundi la magimba ya barafu linalouzingira mfumo wa Jua kwa mbali, na vile vilivyogeuzwa njia kuja ndani vitachukua takriban miaka milioni 2 kufika.